Mashini ya zamani haifi mpaka maneti yake ikose

Ingia saa kumi za jioni katika chumba cha kuchezea PlayStation, iwe ni Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia. Utakuta benchi ya mbao, televisheni moja ao mbili, vijana wanaolipa kwa mechi moja moja, na chini ya televisheni konsoli nyeusi yenye umri mkubwa kuliko wengi wa wale wanaoicheza. Ni PlayStation 2. Sony iliitoa huko Japani tarehe 4 Machi 2000 na ikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013, ikiwa imekwisha kuuza zaidi ya milioni 155 duniani. Michezo ya mwisho ya mpira iliyotengenezwa kwa ajili yake, FIFA 14 na PES 2014, ni ya mwaka huo wa 2013. Lakini katika kartie zetu mechi bado zinachezwa.

Muulize mwenye chumba ni kitu gani kinamletea hasara. Mara nyingi hatataja konsoli. Atataja maneti, kile kifaa ambacho mchezaji anashika kwa mikono miwili. Waya unakatika pale unapoingia ndani ya plastiki. Kijiti kinalegea, na mchezaji wa kwenye skrini anaanza kutembea peke yake. Butoni ya kupiga shuti inazama na hairudi. Na siku nyingine mtoto anapita haraka, mguu unanasa katika waya, konsoli inaanguka kutoka mezani, na kazi ya siku hiyo imekwisha.

Sasa, maneti mpya inatoka wapi, ikiwa Sony iliacha? Inatoka kwa watu wengine. Maneti ya PlayStation 2 unayouziwa leo ndani ya plastiki mpya, kama si ya stoki ya zamani, haikutoka Sony, hata kama jina la Sony limeandikwa juu yake. Karibu kila mara imetoka China, katika kiwanda ambacho hakikuomba ruhusa ya mtu. Na siku hizi nyingi hazina waya tena: kuna kipokezi kidogo unachokiingiza katika konsoli, na maneti inaongea nacho kwa mawimbi ya redio.

Wengi wanaona jambo hilo kuwa dogo, ao hata aibu: vitu vya kopi kwa watu wasio na pesa. Sisi tunaliona kwa namna nyingine. Tunasema kwamba kifaa ni chako kabisa pale tu ambapo mtu mwingine, mbali na yule aliyekitengeneza, anaweza kukitengenezea kipuri. Siku uwezo huo utakapofungwa, utakuwa umekodi kifaa, hata kama ulilipa bei yote. Na inchi maskini ndizo zitakazolipa garama hiyo mbele ya wengine.

Mashini iliyotugharimu zaidi ya bei yake

Tunajua swali litakalokuja: watu wanakimbia vita, watoto wanalala chini ya mahema, na ninyi mnaandika juu ya maneti? Ndugu msomaji, vita vyetu na mashini hizi havikuwahi kuwa mbali.

Mwaka 2000, mwaka ule ule PlayStation 2 ilipotoka, viwanda vya dunia vilikuwa na njaa ya tantali, metali inayopatikana katika koltani. Inatumikishwa katika vipande vidogo sana vinavyoshika umeme ndani ya simu, kompyuta na konsoli. Bei yake sokoni ilipanda karibu mara kumi kabla ya mwaka kuisha, kisha ikaporomoka mwaka 2001. Wakaaji wa Masisi, Walikale, Kalehe na Shabunda wanakumbuka kipindi hicho: mashamba yaliachwa, vijana walitoka shuleni kwenda machimboni. Ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega wachimbaji waliishi kwa nyama ya pori, na sokwe na tembo wakapungua sana. Mwezi wa Aprili 2001, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti juu ya uporaji wa mali ya Kongo. Ilionyesha namna koltani ilivyokuwa inalisha majeshi na makundi ya silaha.

Hatusemi kwamba PlayStation ndiyo ilileta vita. Vita ile ilikuwa imeanza mwaka 1998, na simu na kompyuta zilikula tantali pia. Lakini hakuna anayeweza kutuambia kwamba konsoli ile ni kitu cha wageni kisichotuhusu. Sehemu ya udongo wetu ilikwenda katika viwanda vya wakati ule, na tuliilipia kwa damu. Miaka ikapita, na mashini hizo zikaturudilia zikiwa zimekwisha kutumikishwa kwingine, kwa bei ambayo kijana wa kartie angeweza kuikusanya ili afungue biashara yake ndogo.

Na hadithi haijafungwa. Machimbo ya Rubaya, ambayo yanakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, yaliingia mikononi mwa M23 mwaka 2024. Kobalti, ambayo imo katika aina nyingi za betri za lithiamu, inachimbwa Kongo kwa zaidi ya asilimia 70 ya ile yote inayotoka duniani, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Kwa hiyo hata ile betri ndogo ndani ya maneti isiyo na waya inaweza kuwa na kitu chetu ndani yake. Kama vitu hivi vinaanzia kwetu kwa jasho namna hii, tuna haki ya kudai kwamba vikirudi vidumu, na kwamba vikiharibika mikono yetu iruhusiwe kuvifungua.

Plagi isiyoomba ruhusa

Namna gani kampuni ndogo ya China inaweza kutengeneza maneti ya konsoli ambayo si yake? Jibu liko katika plagi.

Chukua Super Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1990. Konsoli inatuma ishara moja kwa maneti: shika hali ya butoni zako zote. Kisha inaomba jibu la kila butoni, moja baada ya nyingine, kwa waya mmoja: imebonyezwa, haikubonyezwa. Kazi hiyo inarudiwa mara 60 kila sekunde, ao mara 50 katika mashini zilizouzwa Ulaya. Ni yote. Fundi mwenye uvumilivu anaweza kuifahamu kwa siku chache. PlayStation iliongeza akili kidogo: plagi yake ina pini tisa, konsoli inauliza, maneti inajijulisha ni ya aina gani, kisha inajibu. Lakini hapo pia hakuna neno la siri. Maneti yoyote inayojua kujibu vizuri inapokelewa.

Maneti za kwanza zisizo na waya hazikuwa nzuri. Zile za miaka ya 1980 zilizotumikisha mwanga, kama rimoti ya televisheni, zilikatika mtu akipita mbele. Mwaka 2002 Nintendo yenyewe ilitoa WaveBird kwa ajili ya GameCube, kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, kwa betri mbili za kawaida na bila mtetemo. Ikaonekana kwamba waya si lazima.

Tangu hapo wengine walichukua njia hiyo hiyo na kurudi nayo nyuma, kwa konsoli ambazo wazazi wake walikuwa wamekwisha kuziacha. Kampuni 8BitDo, iliyozaliwa Shenzhen mwaka 2013, inauza vipokezi vinavyoingia katika plagi za Nintendo za zamani, na maneti za Bluetooth zenye sura ya zile za kale. Inauza pia bodi ndogo ya kuweka ndani ya maneti yako ya zamani: unafungua visu, unatoa bodi ya kwanza na waya wake, unaweka mpya pamoja na betri, bila kuchomelea kitu. Retro-Bit ilipata leseni ya Sega na kutoa maneti zisizo na waya kwa Mega Drive na Saturn. Retro Fighters ilitoa moja kwa PlayStation ya kwanza na ya pili.

Halafu kuna BlueRetro, na hii ndiyo inayotugusa zaidi. Si kampuni. Ni programu ya wazi, iliyowekwa kwenye intaneti bure, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuibadilisha. Inaingia katika ESP32, chipu ya kampuni Espressif ya Shanghai inayouzwa kwa dola chache tu. Ukiiunganisha na plagi ya konsoli ya zamani, ikiwemo PlayStation 2, unaweza kucheza kwa maneti ya Bluetooth ya konsoli mpya. Kijana wa Bukavu anayejua kuchomelea na mwenye simu ya kusomea maelezo ana karibu kila kitu anachohitaji.

Sheria nayo ilisaidia. Mwaka 1992 korti ya rufaa ya Marekani iliamua katika kesi ya Sega na Accolade kwamba kampuni inaweza kufungua na kuchunguza programu ya mwenzake, ikiwa ndiyo njia ya kuelewa namna ya kutengeneza kitu kinachokubaliwa na konsoli yake. Kesi ilihusu michezo, si maneti. Lakini wazo ni lile lile: aliyetengeneza mashini hamiliki kila kitu kitakachounganishwa nayo milele.

Ya bei ndogo nayo ina garama

Hatutaki kuwadanganya wasomaji. Kuna maneti za watu wengine zilizo nzuri, na kuna takataka. Sokoni kwetu takataka ni nyingi, na zimevaa nguo moja na zile nzuri.

Kasoro ya kwanza ni kuchelewa. Kwenye televisheni, picha moja inakaa karibu milisekunde 17. Maneti nzuri isiyo na waya inaweza kuleta amri yako ndani ya muda huo. Ile mbaya inachelewa picha kadhaa, na mchezaji anaona mguu wa mchezaji wake unapiga mpira uliokwisha kupita. Kwa mtoto anayejifurahisha si kitu. Kwa vijana walioweka pesa juu ya mechi, ni ugomvi.

Ya pili ni mawimbi. Gigahezi 2.4 ni barabara ya wote: Wi-Fi, Bluetooth na maneti zote zinapita humo. Weka seti nne za bei ndogo katika chumba kimoja, na mojawapo inaweza kuanza kukatika katikati ya mechi. Ya tatu ni vile ambavyo macho hayaoni dukani. Katika maneti ya asili ya PlayStation 2 butoni zinahisi nguvu ya kidole, na michezo kama Gran Turismo inatumikisha nguvu hiyo kupima mwendo wa gari. Kopi nyingi zinajua tu ndiyo na hapana. Na kipokezi kikipotea, mara nyingi maneti nzima imekufa, kwa sababu haiongei na kipokezi kingine.

Ya nne ni umeme. Katika miji ambako umeme unakuja na kuondoka, maneti yenye betri ya kuchaji inaweza kukuacha katikati ya siku. Ile ya betri za kutupa inakula pesa kila juma, na betri zilizokwisha zinatupwa katika mitaro ao kuchomwa pamoja na takataka za nyumbani. Umoja wa Mataifa unahesabu kwamba mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za takataka za elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kuwa ilikusanywa na kurudishwa kazini vizuri. Kipuri kibaya kinachokufa baada ya miezi mitatu hakiokoi mashini ya zamani. Kinaongeza lundo.

Kwa hiyo anayenunua afungue macho. Omba muuzaji awashe konsoli mbele yako. Acha vijiti bila kuvigusa na utazame kama mchezaji wa kwenye skrini anatembea. Washa maneti mbili pamoja, kisha rudi nyuma mita tatu ao nne. Uliza kama betri inaweza kutolewa na kubadilishwa. Muuzaji anayekataa majaribio hayo amekwisha kukujibu.

Kufuli ya kesho

Hatari kubwa, kwa maoni yetu, haiko katika maneti mbaya za leo. Iko katika konsoli za kesho.

Baadhi ya konsoli za sasa hazipokei maneti kwa sababu tu inajua kujibu. Zinaomba kitambulisho. Mwezi wa Novemba 2023 Microsoft ilianza kuzuia kwenye Xbox vifaa ambavyo haikuviruhusu: mtu aliyekuwa anacheza vizuri aliona ujumbe kwenye skrini, na baada ya majuma mawili kifaa chake kikakataliwa. PlayStation 5 haikubali hata maneti ya PlayStation 4 katika michezo yake mwenyewe, ingawa zote mbili ni za Sony.

Kampuni zina sababu zao, na si zote za uongo. Kuna vifaa vinavyoiba ushindi, vinavyolenga shabaha mahali pa mchezaji, na wanaoshindana kwenye intaneti wanachoka navyo. Kuna pia betri mbovu zinazoweza kuwaka moto. Tunakubali kwamba shindano la intaneti liwe na kanuni zake. Lakini mchezaji aliye peke yake nyumbani, ao watoto wanne kwenye benchi bila intaneti, hawamwibii mtu. Kuwafungia mlango hao ni kulinda soko tu.

Sasa fikiri mwaka 2040. Konsoli za leo zitakuwa zimechoka huko Ulaya na Amerika, na zitateremka kwetu kama PlayStation 2 ilivyoteremka. Kampuni itakuwa imeacha kutengeneza maneti zake. Na hakuna fundi, wala wa Shenzhen wala wa Goma, atakayeweza kutengeneza nyingine kwa urahisi, kwa sababu konsoli itaendelea kuomba kitambulisho ambacho hakitolewi tena. Mashini itakuwa nzima, yenye kobalti na tantali ya udongo wetu, na itatupwa kwa sababu ya kifaa cha kushika mkononi.

Na kufuli hiyo haikai kwenye michezo tu. Mwezi wa Januari 2025 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ilishtaki kampuni ya matrekta Deere, ikisema inawalazimisha wakulima kwenda kwa mafundi wake peke yao. Katika simu, kuna viyoo na betri ambazo zinakataa kufanya kazi vizuri zikibadilishwa na fundi wa nje. Leo ni maneti na simu. Kesho inaweza kuwa mashini ya hospitali ao pampu ya maji ya kijiji.

Wenzetu wa mbali wamekwisha kuamka. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza, inayogusa vitu kama simu, friji na mashini za kufulia. Huko Marekani, majimbo ya California na Minnesota yalipitisha sheria zao mwaka 2023. Lakini angalia jambo moja: sheria zote mbili za Marekani ziliacha konsoli za michezo nje. Huenda wengine wanaona mchezo kuwa kitu kidogo. Hapa kwetu, katika chumba cha benchi moja, mchezo huo ni mshahara wa mtu, chakula cha nyumba na ada ya shule ya watoto.

Tunachoomba

Tunajua mahali tunapoishi. Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, kuiomba leta ya Kinshasa jambo fulani kwa miji hiyo kunafanana na kumwandikia barua mtu aliyehama. Mabenki yalifunga milango, na biashara ikawa ngumu. Lakini hali hiyo ndiyo inayofanya kutengeneza kuwe lazima. Ambapo kitu kipya hakifiki ao hakinunuliki, yule anayefufua cha zamani anafanya kazi ya faida kwa wote. Na sheria zinazoandikwa leo ndizo zitakazotumika siku amani itakaporudi.

Kwa wabunge na wale wanaoandika sheria, tunaomba mambo mawili. La kwanza, wakati wa kuandika sheria za biashara ya vifaa vya elektroniki, waandike wazi kwamba mkaaji wa Kongo ana haki ya kufungua, kutengeneza na kuunganisha kifaa alichonunua, na kwamba fundi anayemsaidia si mwizi. La pili, inchi inayotoa sehemu kubwa hivi ya kobalti ya dunia isikae kimya katika mazungumzo na wanunuzi. Tunasikia kila siku juu ya viwanda vya betri na thamani ya madini. Tuongeze ombi moja: vitu vinavyotengenezwa kwa madini yetu viweze kutengenezwa vikiharibika.

Kwa duane na wale wanaopima bora wa bidhaa, kazi ni kutofautisha. Kipuri kizuri kisitozwe kama kitu cha anasa. Betri mbovu isiingie. Leo mfanyabiashara mwaminifu na yule wa takataka wanapita mlango mmoja, na wa takataka ndiye anayeshinda kwa bei.

Kwa shule za ufundi na vyuo, tunatoa wazo la bei ndogo. Mwalimu wa elektroniki anayekosa vifaa vya mafunzo achukue maneti mbovu kumi. Ndani yake kuna karibu somo lote la kuanzia: butoni ni swichi, kijiti ni kipimo cha umeme, chipu inahesabu, waya unapeleka habari, betri inataka kulindwa. Mwanafunzi aliyeelewa namna maneti inavyoongea na konsoli amekwisha kuelewa mlango wa kuingilia katika simu, kompyuta na mashini za kiwanda. Na ataelewa kwa furaha, kwa sababu akimaliza atacheza.

Kwa wenye vyumba vya kuchezea, tunasema: msitupe. Maneti iliyokufa ina butoni, vijiti na plagi ya kuokoa nyingine. Wekeni ndoo ya betri zilizokwisha, mbali na watoto na mbali na moto. Na kabla hamjaomba haki kwa wengine, heshimuni haki ya wazazi: saa za shule, mlango ufungwe kwa wanafunzi. Tunajua malalamiko ya akina mama ambao watoto wao wanapotea huko na pesa ya mkate. Malalamiko hayo ni ya kweli, na hayajibiwi kwa kuacha mashini zife. Yanajibiwa na mtu mzima mwenye chumba anayejua kusema hapana.

Kwa mafundi wetu, wale wanaokaa kando ya barabara na meza ndogo, turnevisi na chuma cha kuchomelea, tunasema neno moja la heshima. Watu wanawaita mafundi wa kubahatisha. Lakini kazi mnayofanya juu ya maneti ya mwaka 2000 ndiyo ile inayofanywa Shenzhen kwa jina kubwa na sanduku zuri. Tofauti ni kwamba wao wanaandika walichokigundua, wanakigawa, na kingine kinajengwa juu yake. Andikeni na ninyi. Pigeni picha ya bodi mliyoitengeneza, mwonyeshe mwenzenu wa Uvira ao Beni. Ujuzi uliofungwa kichwani mwa fundi mmoja unaondoka naye siku anapokimbia.

Jioni hii, katika kartie fulani, maneti itakufa katikati ya mechi. Mwenye chumba ataipiga mara mbili kwenye goti lake, kisha atampeleka kijana mbio kwa fundi. Fundi atafungua visu, atatazama ndani, na kabla ya giza mechi itaendelea. Wachezaji hawatafikiri juu ya koltani wala korti za Marekani, na ni sawa. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba watoto wao, siku yao ikifika na mashini yao ikiharibika, nao watakuwa na mahali pa kumpeleka kijana mbio.